Imefungwa Kabisa

Shemeji yake aliigeuza ile simu huku na huku, akapuliza vumbi ambalo halikuwapo, kisha akasema, “Tatizo lake ni moja tu. Imefungwa.”

“Najua imefungwa,” Bi Misumari alijibu. “Ndiyo maana kaka yako aliinunua.”

“Hapana, shemeji. Nasema imefungwa.”

“Na mimi nasema najua. Ilikuwa ndani ya boksi, ina nailoni juu, haijaguswa na mtu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeichana hiyo nailoni kwa meno.”

Shemeji alikuwa fundi wa simu, na kibanda chake kilikuwa upenuni mwa duka la viatu. Aliiweka simu mezani taratibu, akamvutia kigoda akae kwanza, akaeleza. Simu hii ilikuwa imefungwa na kampuni iliyoiuza ili ifanye kazi kwa laini ya kampuni hiyo peke yake. Ukiitia laini ya kampuni nyingine itakuletea maandishi mekundu, kama ilivyokuwa inayaleta sasa, na haitapiga wala kupokea. Simu isiyofungwa hivyo huitwa iliyofunguliwa, na hiyo hupokea laini yoyote.

Bi Misumari alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

“Yaani walimuuzia kaka yako mlango, ufunguo wakabaki nao?”

“Ndivyo biashara ilivyo.”

“Hiyo si biashara, shemeji. Hiyo ina jina lake, na mimi nimelelewa vizuri, silitaji.”

Hasira yake haikuwa ya bure. Bi Misumari alikuwa fundi wa makochi, na jina hilo lilitokana na kazi: misumari midogo ya kubanishia kitambaa aliiweka mdomoni, akaitoa mmojammoja kwa ncha ya ulimi, na huku nyundo inalia alizungumza na watu kwa pembe ya mdomo bila kumeza hata mmoja. Miaka yote karakana yao ilikuwa banda la mabati lililo wazi pande tatu, vumbi tele, na mtandao unashika mpaka unakera. Kisha tajiri wao akapata jengo. Duka la samani likakaa juu, penye vioo na ubaridi wa mashine, na mafundi wakateremshwa chini ya ardhi, kwenye chumba cha zege kisicho na dirisha. Huko chini laini ya Bi Misumari, ya kampuni hiyohiyo iliyouza simu, ilikufa kifo cha mende. Mshonaji wa vitambaa, mwenzake wa meza ya jirani, alikuwa na laini ya kampuni nyingine, na yeye alipigiwa simu kutwa, akicheka na ndugu zake kana kwamba yuko uani kwake.

Ingekuwa ni wateja tu, angevumilia. Mteja akikukosa leo atakutafuta kesho, na asipokutafuta, kochi lake litabonyea akukumbuke. Lakini kulikuwa na mama yake.

Mama aliishi mbali, kwa kaka yake Bi Misumari, na macho yalikuwa yamemwisha. Namba aliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja tu, ya bintiye. Alijifunza zamani, akiwa bado anaona, na sasa aliipiga kwa kupapasa vitufe kwa kidole gumba. Aliipiga mchana, nyumba ikishabaki tupu, kaka mtu kazini na wifi sokoni, na hapo ndipo alipozungumza yaliyo moyoni. Jioni, nyumba ikijaa, ukimpigia alijibu neno moja, “Salama,” na ukimchimba zaidi alijibu, “Salama tu, mwanangu,” kwa sauti ya mtu anayesikilizwa na wengine. Bi Misumari alikuwa amejaribu kupanda juu mchana ili ampigie yeye, tajiri akimtolea macho; lakini aliye mbali hajui nyumba i tupu lini, na kila mara alimkuta wifi yupo. Saa ile ilikuwa ya mama kuichagua. Na tangu wahamie chini, saa ile ilikuwa inapita bila simu.

Kwa hiyo kuchukua namba mpya hakukuwezekana. Mama asingeijua, na kumwomba wifi ampigie kungeua maana yote. Kuhama kampuni ukabaki na namba yako kunaruhusiwa, hilo alilisikia redioni. Akanunua laini ya kujaribia, akaitia, maandishi mekundu yakatokea, ndipo akaja hapa kibandani.

“Huwezi kuifungua wewe?” alimwuliza shemeji.

“Naweza kuichokonoa. Lakini ikinifia mikononi, kaka atanizika nayo.”

Siku ya pili yake alikwenda kwa kampuni yenyewe. Palikuwa mahali pa baridi, penye viti vya rangi moja ambavyo yeye, kwa jicho la kazi, aliona vimeshonwa ovyo. Mhudumu alikuwa kijana mwenye tai, na tabasamu lake halikuondoka hata alipokuwa anakataa.

“Hii simu ni yangu?” Bi Misumari aliuliza.

“Ni yako kabisa, mama.”

“Naweza kumpa nimtakaye?”

“Umtakaye, mama.”

“Nikitaka kuitupa chooni?”

“Hiari yako, mama.”

“Na nikitaka kuitia laini ya wenzenu?”

“Hapo sasa mfumo hautaruhusu.”

“Mfumo ni nani? Mwite nizungumze naye.”

Mfumo hakuitwa. Kijana alieleza kwamba simu ya bei ya ofa huja na masharti, na itafunguliwa mkataba ukiisha, na mkataba ulikuwa bado mbichi. Masharti yote yalikuwamo kwenye karatasi ndani ya boksi.

“Ndani ya boksi,” alirudia Bi Misumari. “Na boksi mnaliuza likiwa na gundi pande zote. Sasa mnunuzi ayasome kwa ndoto?”

Kijana alikiri kwamba hilo wateja wengi wamelisema. Akaendelea. Namba anaweza kuhama nayo, ni haki yake, ila simu haihami. Lakini kwa nini ahame? Mteja wa thamani kama yeye wangempa kifurushi cha dakika za bure, azungumze mpaka achoke.

“Nizungumzie wapi, na mtandao wenu haujui kushuka ngazi?”

Kijana akamshauri awe anapanda juu.

Watu hawa hawatukani, na hilo ndilo linaloudhi. Mtu akikutukana, angalau unapata pa kumshikia. Hawa wanakuita mama, wanakushukuru, wanakutakia siku njema, na unajikuta nje mlangoni mikono mitupu, umeaga kwa heshima zote, hasira yako umerudi nayo nyumbani ikiwa nzima kama ulivyokuja nayo. Bi Misumari alirudi nayo, akaikabidhi kwa mumewe.

Mumewe alikuwa muuza vipuri vya magari, mtu wa makini, asiyenunua hata kiberiti bila kukitikisa.

“Nilimwuliza muuzaji kwa kinywa changu,” alisema. “Nikamwambia, hii imefungwa? Akanijibu, imefungwa kabisa. Akacheka hata.”

Katika kazi yake neno hilo lilikuwa sifa kubwa kupita zote. Kipuri kilichofungwa ni kipya, kimetoka kiwandani na grisi yake; kilichofunguliwa ni kile kilichong’olewa kwenye gari bovu la mtu na kupigwa brashi. Miaka nenda rudi alikuwa akiwaonya wateja wake wasikubali kamwe kitu kilichofunguliwa. Muuzaji wa simu alimwambia kweli tupu, na kweli hiyo ikamtapeli mchana kweupe. Uongo una dawa, maana utaukamata na kuushitaki. Kweli ya namna hii utaishitakia wapi?

Na simu yenyewe alikuwa ameinunua kwa kujinyima, zawadi ya kwanza ya maana tangu watoto waanze shule. Aliileta imefungwa kwa kitambaa, akasimama pembeni kutazama uso wa mkewe. Alipoelewa kilichotokea hakuomba radhi, alinuna. Bi Misumari alipotaja kununua nyingine, ya kawaida tu, iliyofunguliwa, alinuna maradufu.

“Iliyofunguliwa na nani?” aliuliza. “Niache kitu kizima, ninunue kilichochokonolewa?”

“Si kuchokonolewa, baba watoto. Ni kwamba haina bwana.”

“Na hii niliyokuletea mimi tuifanyeje? Tuitundike ukutani?”

“Si wewe uliyekosea. Wao ndio waliokosea.”

“Basi kwa nini mimi ndiye nionekane mjinga?”

Bi Misumari alikuwa na jibu la swali hilo, tena tamu, lakini alilimeza. Alimtazama mumewe aliyekaa kitako kitandani, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akamhurumia. Kubaki na kampuni ile ni kumkosa mama mchana. Kuitupa simu ile ni kumtupia mume zawadi yake usoni. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Akasema basi, watangoja mkataba uishe, simu ifunguliwe kwa amani, na huku yeye atakuwa anampigia mama jioni. Mume akavua soksi ya pili. Walikula wakiongea habari za watoto.

Kungoja huko alikuja kukujutia.

Jioni moja alimpigia mama akiwa anatoka kazini. Nyuma ya sauti ya mama sufuria ziligongana, na wifi alikuwa akigombeza watoto. Salama, mama alisema. Salama tu. Kisha akashusha sauti.

“Kwani yule binti hakukuambia?”

“Binti gani, mama?”

“Yule wa hapo kwenu, wa mapokezi. Siku hizi nikipiga mchana yeye ndiye anayepokea. Ana adabu, anaanza na samahani. Mengi nimempa akufikishie.” Mlango ukagongwa upande ule, mama akakohoa. “Basi, tutaongea.” Simu ikakatwa.

Bi Misumari alisimama katikati ya njia, watu wakimkwepa. Binti wa mapokezi alikuwapo kweli, kule juu dukani, na yeye mwenyewe ndiye aliyemtaja kwa mama siku za kuhama, akijisifu: sisi sasa tuko jengo kubwa, mama, tuna mpaka binti wa mapokezi. Lakini binti yule hajawahi kugusa simu ya fundi wa chini. Asubuhi yake, karakanani, alimwomba mshonaji simu yake inayoshika mtandao, akapiga namba yake mwenyewe, akatega sikio.

“Samahani,” ilisema sauti ya kike, laini, isiyo na haraka. “Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye. Asante.”

Akapiga tena. Samahani. Akapiga tena, safari hii misumari yote ameitema kiganjani. Mama yake asiyeona, na masikio nayo yanaanza kumtupa mkono, alikuwa akikaa kitandani kila mchana nyumba ikishatulia, akiieleza mashine mambo asiyoweza kuyasema mbele ya watu, akiiomba iyafikishe. Na kampuni, kila mara, ilikuwa ikimwambia asante.

Kuna hasira ya kupiga kelele na kuna hasira ya kunyamaza. Ya Bi Misumari siku zote ilikuwa ya kwanza, karakana nzima iliijua na kuipenda. Asubuhi ile alinyamaza mpaka mshonaji akamwuliza kama amemeza msumari. Anayeiba kuku hukimbizwa mtaa mzima kwa mawe. Hawa walikuwa wamemwibia mama mzee maneno ya moyoni, siku baada ya siku, na ukiwafuata watakupa kiti ukae, wakupe na dakika za bure.

Muda wa chakula ulipofika hakula. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa mumewe, akamweleza akiwa amesimama kaunta, mbele ya mteja aliyekuja kutafuta breki. Mumewe alisikiliza. Ukoo mzima ulipoikataa posa yake zamani, mama huyo peke yake ndiye aliyesema mwacheni, huyu atanitunzia mwanangu. Mume alimwambia mteja, “Uniwie radhi, nafunga kidogo,” akavuta mlango wa chuma.

Kibandani kwa nduguye alichagua simu nyeusi ya vitufe, ya kawaida kabisa. Nduguye alipofungua kinywa kuisifia, akamkatiza.

“Usiniambie imefungwa, wala usiniambie imefunguliwa. Maneno hayo mimi nimeyastaafu. Tia laini ya kampuni hii, piga. Tia ya ile, piga. Nisikie kwa sikio langu.”

Shemeji akatia, akapiga, akatoa, akatia nyingine, akapiga. Ziliita zote. Mume akalipa, akaichukua ile simu ya zawadi kutoka mkononi mwa mkewe na kuitia mfukoni mwake bila kuitazama. Kutoka hapo wakaenda pamoja kwa ile kampuni nyingine, wakaomba namba ihamishwe.

Kabla namba haijahama, kampuni ya zamani ilipiga. Safari hii alikuwa mtu, tena mwanamke.

“Tunasikitika kukupoteza, mama.”

“Hamkunipoteza,” alisema Bi Misumari. “Mlinificha.”

“Je, kuna jambo lolote ambalo tungeweza kuliboresha?”

“Lipo. Yule binti wenu anayesema samahani. Mfundisheni kufikisha salamu za watu.”

“Ile ni sauti iliyorekodiwa tu, mama.”

“Mimi nalijua hilo. Mama yangu ndiye asiyelijua, na nyinyi hamkuona haja ya kumwambia.”

Mwanamke yule akamshukuru na kumtakia siku njema. Namba ikahama. Habari za mashine hakumgusia mama jioni, wifi akisikia; alingoja saa ya mama mwenyewe ya mchana.

Simu nyeusi iliita chini ya ardhi mchana mmoja Bi Misumari akiwa amelaza kochi ubavu, anakaza kitambaa cha chini. Mshonaji aliacha mashine, na mafundi wengine wakaacha nyundo. Aliinyakua na kuipeleka sikioni, misumari ingali mdomoni, na neno aliloweza kulitoa lilikuwa nusu neno.

“Hoo?”

“Hujambo, binti,” ilisema sauti ya mama, kwa unyenyekevu ambao bintiye hakuwahi kuusikia. “Ni mimi tena, yule mama. Samahani kwa kukusumbua kila siku.”

Misumari ilimwagika sakafuni.

“Mama, ni mimi.”

“Wewe mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe. Hakuna binti, mama. Hakuwahi kuwapo. Ile ni mashine ya kampuni, inamwambia kila mtu maneno hayohayo simu yangu isipopatikana. Hakuna aliyenifikishia kitu. Sijasikia hata neno moja.”

Alitegemea mama atacheka, au ataona haya, na alikuwa amejiandaa kwa yote mawili.

“Hata lile la mimi kuhamia kwako?”

“Lipi hilo?”

“Nilimwomba akuulize. Hapa wananilisha, siwezi kuwasingizia. Chakula kinawekwa, mlango unarudishwa, na tangu asubuhi mpaka jioni hakuna anayenisemesha. Nikizungumza mimi, naambiwa nimechoka nilale. Nikamwambia yule binti, mwulize mwanangu kama kwake kuna pembe ya kunilaza, hata jikoni. Akanijibu, jaribu tena baadaye.”

Bi Misumari aliugeukia ukuta wa zege, simu ameibana sikioni.

“Nikajaribu tena baadaye,” mama aliendelea. “Akanijibu vilevile, kwa adabu ileile. Nikasema basi, hayo si maneno yake. Ametumwa. Ni jibu la mwanangu, ameona haya kunipa mwenyewe.”

“Mama, mimi sijasema hivyo. Sijawahi kusema hivyo.”

“Najua sasa. Lakini mimi nilishalipokea, mwanangu. Nilishazoea.”

Bi Misumari aliweka nyundo chini. Alivua aproni kwa mkono mmoja, simu sikioni, akaukanyaga ubao wa kochi lililolala na kupita, akapanda ngazi. Alikatisha katikati ya makochi mapya ya dukani mbele ya tajiri, ambaye alianza kumwuliza anakwenda wapi saa za kazi, kisha akauona uso wake na kumpisha. Barabarani palikuwa na kelele, akaziba sikio la pili kwa kiganja.

“Usikate, mama,” alisema, akiongeza mwendo. “Nisemeshe mpaka nifike stendi.”